Mfereji wa Wodi ni Shauri la Chama



Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu mwenzetu mmoja, mama mfagiaji wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ambayo hatutaitaja. Tulidhani amekuja kwa ajili ya mshahara, maana tulijua kontrakta wake amechelewa siku kumi na tisa. Hakuutaja mshahara hata mara moja. Alisema mfereji wa wodi haujatoa maji tangu Jumatatu. Kwamba yeye hupewa ndoo moja tu kwa sakafu nzima, kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, na kitambaa kimoja. Na kwamba katika juma lile watoto watatu wamekufa kwa homa ambayo daktari alisema haisikii dawa. Kisha akatuuliza: "Jee, ni mimi ninayewaua?"

Tulimjibu upesi kwamba siye. Alipokwisha ondoka tuliona haya, kwa maana tulikuwa tumemjibu ili kumtuliza, si kwa sababu tulijua. Kwa hiyo tumekwenda kuwauliza wanaojua, tukasoma yaliyoandikwa, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe si dogo, na kwa sababu wake zetu na binti zetu huzaa katika wodi hizo hizo.

Kijidudu kiuacho sana katika wodi za namna hii huitwa Klebsiela. Jina ni gumu, lakini yafaa tulijue kama tunavyolijua jina la malaria. Klebsiela hukaa katika matumbo ya watu wengi wazima bila kuwadhuru. Lakini ikipata njia ya kuingia katika damu ya mtoto aliyezaliwa jana, au katika kidonda cha mama aliyepasuliwa, huua. Nayo haina miguu wala mabawa. Husafiri kwa mikono ya watu, kwa maji machafu, kwa shimo la sinki, kwa mpira wa dripu, kwa chupa moja ya dawa inayochomwa sindano mara nyingi kwa wagonjwa wengi.

Zamani mtoto wa namna hiyo alitibiwa kwa ampisilini na jentamaisini, na wengi wakapona. Dawa hizo ziliposhindwa, ikaja seftriaksoni, ile sindano ambayo leo karibu kila aliyelala hospitali ameipata. Sasa nayo yashindwa mara nyingi, na madaktari wanakimbilia meropenemu, dawa ya bei, ambayo hospitali nyingi huwa hazina, na jamaa huambiwa wakainunue nje. Na tayari zipo Klebsiela ambazo hata hiyo haiziwezi.

Watu husema vijidudu "vimezoea" dawa, kama mlevi anavyozoea pombe. Sivyo hasa. Katika vijidudu milioni huenda wakawapo wachache wenye kifaa cha kuivunja dawa. Dawa ikiingia, wasio na kifaa hufa wote. Wale wachache hubaki na uwanja mzima ni wao, wakazaana. Tena, na hili ndilo lililotushangaza sisi, kijidudu chaweza kumpa mwenzake nakala ya kile kifaa, hata kama si wa kabila moja naye, kama fundi anayemchongea jirani ufunguo. Sasa fikirini wodi ambayo dawa hizi humwagwa kila siku, asubuhi na jioni, na mikono haioshwi. Wenye ufunguo ndio wanaobaki, na mikono yetu ndiyo matatu yao.

Jambo hili halikuja kwa ghafula. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928 huko London, alionya mwaka 1945, siku alipokuwa akieleza kazi iliyompatia tuzo ya Nobel, kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo, vijidudu vitapata nguvu ya kuishinda. Wakubwa wa dunia wamekuwa na miaka themanini ya kujitayarisha.

Hesabu ya hasara ni hii. Wataalamu walioandika mwaka 1922 hawangeamini. Lakini walioandika mwaka 2022 walikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa, na wengine wengi walikufa vijidudu hivyo vikiwamo mwilini, hata jumla ikafika milioni 4.95. Sehemu iliyoumia zaidi kuliko zote ni Afrika ya Magharibi, watu 27 katika kila watu laki moja. Kati ya 2018 na 2020 uchunguzi mwingine ulifuata watoto wachanga zaidi ya 3,200 wenye dalili za sumu ya damu katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwamo. Kijidudu kilichopatikana mara nyingi zaidi katika damu yao kilikuwa ni Klebsiela, na mtoto mmoja katika kila tisa hivi alikufa. Na huko Tembisa, Afrika ya Kusini, mwishoni mwa 2019, watoto kumi walikufa katika wodi moja ndani ya miezi miwili kwa Klebsiela isiyosikia dawa. Wodi ile ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mambo hayo yalitangazwa wazi magazetini, nasi twayataja kwa sababu hiyo; yanayotokea kimya hatuwezi kuyahesabu.

Sasa tuje kwenye neno letu wenyewe. Ni nani anayelaumiwa?

Twasikia redioni, na twaona mabango ukutani: mwananchi asinunue dawa kwa kemisti bila cheti cha daktari, mwananchi amalize dawa zake, mwananchi ndiye anayeziharibu. Hatusemi ni uongo. Dawa hizi kweli hazifai kuliwa kama njugu, na mafua hayaponi kwa antibayotiki hata ukizinywa mwezi mzima. Lakini tutazame jinsi mambo yalivyo. Kibarua wa Industrial Area hulipwa kwa siku. Akiumwa na kwenda kupanga foleni hospitali tangu saa kumi na mbili asubuhi, siku hiyo hana mshahara, na kesho yake huenda nafasi yake imechukuliwa. Kwa kemisti hupata vidonge vinne kwa pesa aliyo nayo mfukoni, na saa mbili yuko kazini. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo apewe siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara kila mwaka. Ni wenye kazi wangapi wanaoziheshimu siku hizo? Na yule anayeachishwa kila mwezi na kuandikwa upya, ataitimiza lini hiyo miezi miwili? Mtu wa namna hiyo hahitaji bango. Ahitaji siku mbili za kulala nyumbani bila kufukuzwa.

Tena hata madaktari wenyewe hawakubaliani kama zamani juu ya neno "maliza dozi". Mwaka 2017 wataalamu fulani wa Uingereza waliandika kwamba ushahidi wa neno hilo ni mdogo, na kwamba dawa ikiliwa muda mrefu bila haja yaweza kuzidisha ule usugu. Hatusemi mwanachama aache dawa kwa kichwa chake. Afuate alivyoambiwa na daktari wake, na akiona amepona mapema amwulize. Twasema tu kwamba neno lililotumiwa kumchapia maskini kwa miaka mingi halikuwa na mizizi mirefu kama tulivyoambiwa.

Kuna uchunguzi mmoja wa mwaka 2018 ambao twapenda kila katibu wa tawi aujue. Wataalamu walilinganisha nchi nyingi za dunia, tajiri na maskini, wakitafuta ni kitu gani kinachofuatana na vijidudu sugu. Mtu angetazamia kukuta kwamba penye kula dawa nyingi ndipo penye usugu mwingi. Sivyo walivyokuta. Kiasi cha dawa zilizoliwa hakikuonyesha uhusiano wa maana walipolinganisha nchi na nchi. Kilichoonyesha ni mambo mengine: hali ya maji na vyoo na ujenzi kwa jumla, na serikali inavyoendeshwa, rushwa ikiwamo. Penye mabomba mabovu na uongozi mbovu, ndipo vijidudu sugu vilipo vingi. Kwa maneno mengine, vijidudu hivi vikiisha kuzaliwa, kinachovisambaza ni uchafu ambao mtu mmoja mmoja hana uwezo wa kuuondoa kwa kumeza vidonge vyake kwa utaratibu.

Na hali ya maji ni hii: mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto yalitangaza kwamba nusu ya hospitali na zahanati za dunia hazina mahali kamili pa kunawa, yaani maji na sabuni au spiriti pale mgonjwa anapotibiwa, na pia vyooni. Mwaka 2024 wataalamu wakakadiria kwamba katika nchi maskini na za kati vifo 750,000 vyaweza kuzuiwa kila mwaka kwa kuzuia maambukizo tu, bila kungoja dawa mpya yo yote. Katika hivyo, 337,000 vingezuiwa ndani ya hospitali zenyewe, kwa usafi wa mikono, usafi wa wodi na usafi wa vyombo.

Usafi wa mikono si maarifa mapya. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliamuru wenzake wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vya akina mama vikashuka sana. Wenzake wengi walimchukia kwa ajili hiyo. Mabwana wakubwa hawapendi kuambiwa mikono yao ni michafu.

Lakini leo ni rahisi kumwambia nesi "nawa mikono", na bango la kunawa limebandikwa juu ya sinki lililokauka. Tufanye hesabu. Nesi mmoja ana watoto kumi na watano katika zamu yake. Wenzetu wametuambia wakati mwingine huwa wengi zaidi, wawili kitanda kimoja. Kila mtoto amshike mara nane tu, kumpa maziwa, kumgeuza, kutazama dripu. Hizo ni mara 120. Anawe kabla na baada, hizo ni mara 240. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni kwataka sekunde 40 kwa uchache. Jumla ni dakika 160, saa mbili na dakika arobaini, katika zamu ya saa nane, kunawa tu! Na mfereji uko mwisho wa ukumbi. Jee, ataacha nini? Akiacha kunawa, hakuna atakayemwona. Akiacha kulisha, mtoto atalia. Hatuna haja ya kumwuliza nesi huyo kama anajua vijidudu. Anajua kuliko sisi. Aliyempa watoto kumi na watano ndiye wa kuulizwa.

Spiriti ya mikono yapunguza muda huo kwa nusu, kwa maana yataka sekunde 20 hadi 30, na chupa yaweza kukaa kando ya kila kitanda. Tena si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa zamani utaratibu wa kuitengeneza katika duka la dawa la hospitali yo yote: spiriti, maji yaliyochemshwa yakapoa, gliserini kidogo, na haidrojeni peroksaidi kidogo. Uganda kuna kiwanda kinachoitengeneza kwa molasi ya miwa. Kwetu Muhoroni spiriti imetengenezwa kwa molasi tangu miaka ya 1980, na ndugu zetu wa viwanda vya sukari wanajua molasi ni nini kuliko waziri ye yote. Mwaka 2020, wakati wa korona, spiriti ilionekana hata mlangoni pa baa. Leo chupa nyingi zilizotundikwa ukutani wakati ule ni tupu.

Sasa juu ya mfagiaji. Katika hospitali nyingi yeye si mtu wa hospitali tena. Kazi yake imeuzwa kwa kontrakta, na kontrakta hushinda tenda kwa kutaja bei ya chini, na bei ya chini hupatikana kwa kumpunja mtu, au sabuni, au vyote viwili. Hafundishwi. Hajui kwamba maji ya klorini aliyoyachanganya jana leo yamepungua nguvu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Kitambaa alichopangusia kitanda cha mgonjwa wa kwanza ndicho anachopangusia cha ishirini. Glavu zake huoshwa na kuanikwa. Semina za usafi zikifanywa, huitwa madaktari na manesi, na hao huzipata kwa taabu. Yeye hubaki nje akisubiri wakimaliza chai aokote vikombe. Na bado yeye ndiye anayegusa kila kitanda, kila mlango, kila sinki. Hospitali inayodharau mfagiaji wake imewafungulia vijidudu mlango wa nyuma.

Twarudi kwa swali la yule mama. Hapana, si yeye anayewaua. Lakini mikono yake yaweza kuwa njia, kama mikono ya nesi na ya profesa, na yeye hana maji.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hawalioni. Daktari hawezi kujua ni kijidudu gani na kinasikia dawa gani mpaka damu ipelekwe maabara na kuoteshwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na kutangazwa 2022, ulikuta kwamba katika maabara 50,000 ni 1.3 katika kila 100 tu zilizokuwa zikiotesha vijidudu. Kwa hiyo daktari hubahatisha. Huanza na sindano kubwa kwa kila mtu, kwa kuogopa, na sindano kubwa ikitumiwa kwa kila mtu huzaa usugu mwingine. Watu wanaomlaumu daktari kwa hilo wajaribu kwanza kupiga shabaha gizani.

Wako wanachama watakaosema, "Chama ni cha mishahara, habari za vijidudu ni za wizara." Tuwajibu. Tangu Oktoba 2024 kila mfanyi kazi mwenye mshahara hukatwa 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, bila mwisho wa juu kama ulivyokuwa zamani. Hizo ni pesa za mshahara. Zikikatwa, na mtoto akalazwa, na jamaa wakatumwa kununua meropenemu mjini kwa pesa za kukopa, basi tumelipa mara mbili, na huenda tukalipa mara ya tatu kwa fundi wa majeneza. Kama hilo si jambo la mishahara hatujui jambo la mishahara ni lipi. Tena tukumbuke mgomo wa madaktari wa siku mia moja, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, ambapo viongozi wao waliwekwa jela. Wengi wetu tuliwasema kwamba wanataka pesa tu. Walitaka pesa, ndiyo, na kwa haki. Lakini walidai pia vifaa na hali ya hospitali, na sisi hatukusikiliza sehemu hiyo.

Wala tusijifiche. Miongoni mwetu wapo wanaochukua dawa za hospitali kwa mlango wa nyuma na kuziuza. Wapo wanaomsumbua daktari mpaka awadunge sindano kwa mafua. Wapo waliokwisha kupewa klorini ya kutosha wakaipeleka nyumbani kufulia. Chama hakitamtetea mtu wa namna hiyo kwa kelele, na tawi lenye wanachama wa namna hiyo haliwezi kumtazama mwenye kazi usoni likadai maji.

Mnamo Septemba 2024 mataifa yote yalikutana New York na kukubaliana kupunguza vifo vya vijidudu sugu kwa sehemu ya kumi ifikapo 2030, na kwamba ifikapo mwaka huo kila hospitali na zahanati iwe na maji, vyoo na usafi wa msingi. Ahadi ni nzuri. Lakini ahadi ya New York haifiki katika wodi mpaka mtu wa wodi aidai, na sheria ya kudai tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wafanyi kazi wakiwa na wajumbe wao. Hospitali ni mahali pa kazi. Mfereji uliokauka ni hatari ya kazini, kama mashine isiyo na kizuizi. Wajumbe wetu wauandike katika kitabu cha kamati, kila siku uliokauka, na waombe idadi ya watoto na ya manesi katika kila zamu iandikwe kando yake. Na kibarua anayefagia wodi ile ile mwezi baada ya mwezi mfululizo si kibarua tena mbele ya Sheria ya Kazi, kifungu cha 37. Mwenye shauri hilo alilete ofisini, tutalipeleka mahakamani kama twatakiwa.

Kwa upande wa yule mama, tumeandika barua. Hospitali ilijibu kwamba usafi ni shauri la kontrakta. Kontrakta alijibu kwamba maji ni shauri la hospitali. Tumeziweka barua hizo mbili katika faili moja, na tumepeleka nakala kwa afisa wa kazi na kwa kaunti. Mshahara wake alilipwa siku ya ishirini na sita. Mfereji bado.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, mahali pa kawaida. Wafagiaji, manesi, wapishi na wachukuzi wa hospitali waje wote, wenye kadi na wasio na kadi, na kila mmoja alete tarehe ambazo wodi yake haikuwa na maji. Asiyejua kuandika aje amwambie katibu, ataandikiwa.